Mkanda Mwekundu wa Mama Mkwe

Ndiyo, ni mimi. Nimeona niseme mwenyewe kabla hamjaanza kuulizana: yule mwanaume aliyelala chali kwenye boti amemkumbatia mama mkwe wake kwa mikono miwili, ile video mliyotumiana mpaka ikanifikia mimi mwenyewe kutoka kwa mteja wa Manyoni (maskini hakujua anamtumia mhusika), ni mimi Elia fundi viti, na sina pa kuficha uso. Mmecheka, na mimi ningekuwa ninyi ningecheka mpaka mbavu ziume. Ila ile video inaanzia mahali pazuri. Aliyerekodi alichelewa kutoa simu mfukoni, kwa hiyo kilichotangulia hakimo, na hicho kilichotangulia ndicho kinachofanya mpaka leo nikinawa uso asubuhi na maji yakanigusa pua, moyo uruke. Leo nasema yote, halafu mcheke vizuri.

Kwa asiyenijua, mimi nashona. Kibanda changu kipo mtaa wa Kikuyu, hapa mjini, nashona viti vya bodaboda, maturubai ya malori, mahema ya harusi na misiba, kitu chochote kigumu kinachoshinda cherehani za akina dada wa magauni huja kwangu. Maji mimi siyajui. Nimekulia kijiji ambacho maji unachimba mchangani korongoni na unayasubiri yajae kwenye kata, sasa kuogelea ningejifunzia wapi, kwenye ndoo? Lakini mke wangu Penina ni mzaliwa wa Hombolo, kwenye bwawa, na huko ndiko balaa langu lilikokuwa linanisubiri.

Mama yake Penina ni mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wanaokaanga na kuuza samaki. Ni mwanamke mrefu, ana sauti ya kuamuru, na mimi hiyo sauti ndiyo niliyoijua zaidi kuliko uso wake, kwa sababu kwetu mkwe anaheshimiwa kwa umbali. Najua siku hizi kuna nyumba zimelegeza, mtu anakula meza moja na mama mkwe na wanapiga picha mashavu yamegusana, lakini ukoo wa Penina ni wa zamani. Miaka tisa ya ndoa sijawahi kumpa mkono. Sijawahi kumtazama machoni. Nikimkuta njiani napisha, nachuchumaa, natazama chini, nasema shikamoo Mama, naye anaitikia marahaba uso ameuelekeza kwenye mti. Tukiwa na neno linapita kwa Penina, hata tukiwa sebule moja. "Penina, mwambie mumeo chai inapoa." "Penina, mwambie Mama nashukuru, nakunywa." Na Penina wala harudii, anaendelea kuchambua mchele wake, maana tumeshasikiana wenyewe.

Basi kile kikundi kikajichanga kikatengeneza boti ya tanga. Kuzunguka bwawa kwa barabara na matenga ya samaki ni safari, mafuta ya injini ni ghali, na upepo Hombolo ni wa bure na haukatiki. Fundi wa boti alikuwa Mzee Ndahani, Mgogo mwenzetu aliyepotelea kwenye meli huko pwani tangu ujana akarudi mvi zimejaa, akiwa anajua mambo ya bahari ambayo hapa hayana wa kuyasikiliza. Ni boti ya mbao ya ukubwa wa maana, ina sitaha juu ambayo watu wanatembea, na Mzee Ndahani akasema haingii mtu kwenye sitaha yake bila kamba ya usalama. Alitaka mkanda mmoja bapa ulazwe katikati ya sitaha kutoka mbele hadi nyuma, halafu kila mtu avae mkanda wa kifuani wenye kamba fupi inayonasa kwenye ule mkanda mrefu kwa ndoano, ili utembee mbele na nyuma ukiwa umefungwa. Kazi ikaja kwangu. Ilikuja hivi: Mzee Ndahani alimwambia Mama, Mama akamwambia Penina, Penina akaja nayo nyumbani Kikuyu pamoja na kipande cha kamba ya katani chenye fundo huku na fundo kule.

"Baba Neema, urefu wa kamba ya kila mtu ndio huu," akaniambia. "Mzee kasema usizidishe."

Nikakiangalia. Kilikuwa kifupi, kama mkono wangu kutoka begani mpaka vidoleni. Sasa Mzee Ndahani (nilikuja kujua baadaye, wakati kujua hakusaidii) alikuwa ameeleza na sababu. Alisema kamba hii si ya kumvuta mtu akishaanguka, ni ya kumzuia asianguke, ikimfikisha ukingoni inatosha, ikimvusha ukingo ni kitanzi. Lakini sababu ni ndefu kuibeba kutoka mdomo hadi mdomo, ikaishia njiani kati ya bwawa na mjini, kikanifikia kipimo peke yake. Na mimi sikupiga simu kuuliza. Ningeulizaje wakati nilishamjibu Penina kwa sauti ya kiume kwamba kazi kama hizi ni ndogo, nimeshashona nyingi? (Nilikuwa nimeshona mikanda ya kufungia magodoro juu ya lori.)

Nilishona kwa moyo, hilo sitanyang'anywa. Nilinunua mkanda mzito wa nailoni wa kukazia mizigo, nikakunja ncha mara mbili, nikapiga mshono wa kisanduku wenye msalaba katikati, uzi mnene, nikarudia na kurudia. Ndoano nilichagua zile za chuma zenye mlango wa springi, nikatupa mbili zilizokuwa na kutu. Kisha nikafanya majaribio. Nilininginiza gunia la mahindi kwenye boriti ya kibanda siku nzima, halikutikisika. Nikajininginiza mwenyewe, miguu juu, wapita njia wakasimama kuuliza kama fundi amechoka na dunia. Nguvu niliipima mpaka nikaridhika. Urefu sikuufikiria hata mara moja, niliufuata tu kama ulivyokuja, kamba ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Ya nne ilikuwa ya Mama.

Hapo ndipo nilipokosea, na niwaambie ukweli, nilikosea kwa adabu. Niliishika ile kamba fupi mkononi nikawaza: hii nikampe mkwe wangu? Mkwe ukimpelekea unga hukati kibaba kikaishia usawa, unajaza mpaka umwagike. Ukimpelekea kitenge hupeleki kipande, unapeleka doti nzima na ya kubakia. Sasa mimi nimfunge mama wa watu kwa kamba ya urefu wa mkono mmoja kama mbwa anayeuma, mbele ya kikundi chake chote, halafu waseme ndicho alichopimiwa na mume wa Penina? Nikatoa mkanda mwekundu niliokuwa nimeuweka kwa kazi nzuri, nikapima kipimo cha Mzee Ndahani, nikapima tena, nikaongeza na cha tatu kwa heshima. Nikashona. Ukapendeza kweli.

Penina alipouona akauliza, "Mbona wa Mama mrefu hivi?"

"Ulitaka nimfunge mama yako kama mbwa mkali?"

Akacheka, akafikiri kidogo, akasema, "Haya, wewe ndiye fundi." Nikajisikia vizuri usiku ule, nililala kama mtu aliyetoa sadaka.

Jumamosi ya uzinduzi tukaenda Hombolo. Ilikuwa Agosti, na mnaujua upepo wa Agosti wa kwetu, ule wa kubeba mabati na kukujaza vumbi kwenye meno. Ukingoni mwa bwawa watu walikuwa wamejaa: kikundi cha akina mama kwa sare, kwaya ya kanisani, wajomba wa Penina wamekaa kwenye viti vya mbele na fimbo zao, wanafunzi, wauza karanga. Alikuwepo pia bwana afisa, kijana msafi wa miwani, aliyeletwa kukagua boti ili kikundi kipewe kibali cha kubeba watu na mizigo. Bila kibali, ile boti ingebaki pambo, na michango ya akina mama ingekuwa imeozea majini. Kwa hiyo kila mtu alikuwa na wasiwasi wake, na mimi nikajipanga zangu nyuma ya watu, karibu na wauza karanga, nitazame kwa mbali.

Bwana afisa akazikagua kamba zangu moja moja, akazivuta, akazipiga picha, akauliza, "Fundi aliyeshona yuko wapi?"

Watu wakanisukuma mbele.

"Kazi nzuri, broo. Sasa si utapanda na wewe? Mimi kifaa cha usalama nakiamini fundi wake akikivaa."

Watu wakapiga makofi. Nyie, mliwahi kuona mbuzi anapigiwa makofi? Ningesema siwezi, siyajui maji, pale pale mbele ya wajomba wa mke wangu? Nikasema, "Hamna shida."

Tukapanda wanne. Mzee Ndahani nyuma kwenye usukani, bwana afisa karibu na mlingoti, mimi katikati, na Mama, kwa sababu alisema mwenyekiti hawezi kubaki nchi kavu akitazama boti yake inaondoka. Wote tulivaa majaketi ya kuelea, na juu yake mikanda yangu. Mzee Ndahani akasema, "Fundi, kagua watu kabla sijafungua tanga."

Nikakagua. Yake ikawa sawa. Ya bwana afisa nikaikaza kidogo. Yangu nikaivuta mara saba. Nikageukia kwa Mama, nikafika kama hatua tatu, nikasimama. Nifanyeje? Kukagua maana yake ni kushika kifuani, kuingiza vidole chini ya mkanda, kufuata kamba mpaka kwenye ndoano. Nikatazama mbao za sitaha. Kwa pembe ya jicho niliona ule wekundu wote umekunjwa na kupachikwa kiunoni, ndani ya kitenge, kwa sababu Mama ni mtu nadhifu na asingeacha mkanda uburuzike chini kama mkia. Mzee Ndahani kutoka alipokuwa asingeweza kuona urefu wake, aliona kifundo chekundu tu. Mimi niliuona, na niliona fahari kwamba umebaki.

"Kaka," nikamwambia bwana afisa, "naomba umtazamie Mama pale."

Bwana afisa akatupa jicho. "Iko poa."

Tukaondoka. Tanga lilipojaa boti ikalalia upande mmoja, nikashika mkanda wa katikati kwa mikono miwili na kuanza kusali sala ya kula, kwa sababu ndiyo pekee iliyonijia. Maji ya Hombolo ni ya rangi ya chai ya maziwa, huoni chini, na yalikuwa yanapita pembeni yetu kwa kasi ambayo sikuitegemea kwa kitu kisicho na injini. Nilikuwa naogopa hivi, jamani: nilihesabu mbao. Bwana afisa naye alikuwa ameshika mlingoti, miwani imejaa matone. Mama peke yake ndiye aliyekuwa anafurahi. Kwaya kule ng'ambo ikaanza kuimba, akina mama wakapiga vigelegele, mmoja akapaza salamu ya Kigogo, "Mbukwenyi, mwenyekiti!" na Mama akasimama awapungie mkono.

"Nageuza!" Mzee Ndahani akaita. "Vichwa chini, kaeni!"

Boti ikageuka. Ile boriti ya chini ya tanga ikavuka kutoka upande huu kwenda upande ule, haikumpiga Mama, ilimpitia tu begani, lakini sitaha nayo ilikuwa imebadilisha mlalo chini ya miguu yake. Akapiga hatua moja kujishika. Kwa kamba ya kipimo, hatua ya pili isingekuwepo, ingemkamata pale pale akaketi. Kwa kamba yangu ya heshima ilikuwepo ya pili, na ya tatu. Nikauona ule mkanda mwekundu unajifungua kiunoni mwake, unakunjuka, unakunjuka, hauishi, na Mama akavuka ukingo bila hata kupiga kelele.

Mkanda ukafika mwisho ukakaza, boti ikastuka. Mungu anisamehe, wazo langu la kwanza lilikuwa: mshono umeshika. Mama mkwe wangu yuko majini na mimi nafurahia mshono.

Halafu nikaona umeshika nini. Mama alikuwa amening'inia pembeni mwa boti kwa kifua, na boti haikusimama, ilikuwa inakwenda naye. Jaketi lilikuwa linamwinua na mkanda unamkokota, na kwa ile kasi maji yalikuwa yanampanda usoni kama mtu aliyewekwa chini ya bomba. Alikuwa akifungua mdomo apate hewa anapata maji. Kilemba kilishakwenda. Mikono yake ilikuwa inatafuta ubao wa boti na haiufikii.

"Mvute!" Mzee Ndahani akapiga kelele. Alikuwa ameachia kamba ya tanga na anapigana na usukani ili boti ielekee upepo isimame, lakini boti si baiskeli, haikukubali mara moja. "Afisa! Fundi! Mvuteni!"

Bwana afisa alikuwa amekumbatia mlingoti na macho ameyafumba. Nikabaki mimi.

Sasa hapa ndipo video haipo. Nililala kifudifudi, nikajisogeza mpaka kamba yangu fupi ikakaza na kunizuia pale pale ukingoni, mikono yote miwili iko huru nje ya boti. Mama alikuwa chini yangu. Ningenyoosha mikono nimshike chini ya makwapa, pale pale. Sikumshika. Nilishika mkanda. Nikauvuta ule mkanda mwekundu kwa nguvu zangu zote, ili nimlete bila kumgusa. Mnaelewa nilichofanya? Mtu anakufa na mimi natafuta namna ya kumwokoa yenye adabu. Na kila nilipovuta, kifua kilikuja juu na kichwa kikarudi nyuma, uso ukazama mzima. Nikavuta tena. Ukazama tena. Ndani ya kichwa changu nilikuwa nasikia sauti inasema wajomba wanatazama, wajomba wanatazama.

Uso ulipoibuka mara ya tatu akafungua macho akanitazama. Miaka tisa sijawahi kuyaona yale macho. Ni kama ya Penina, yale yale, na yalikuwa yanaogopa, na yalikuwa yananiona vizuri kabisa ninachofanya. Sijui yalidumu muda gani yale. Mzee Ndahani anasema pumzi tatu nne. Mimi nasema muda mrefu kuliko ndoa yangu.

Nikaachia mkanda nikamshika. Nilimshika makwapani, nikafunga mikono mgongoni mwake, nikavuta kama mtu anayeng'oa kisiki, na boti nayo ikawa imeanza kupunguza mwendo, akaja. Akaja mzima kwa mkupuo, juu yangu, nikaanguka chali naye kifuani kwangu, kitenge kimebaki bwawani, nywele zake mdomoni mwangu, na sikumwachia, nilimkumbatia nalia kama mtoto, nasema, "Mama, Mama, Mama." Hapo ndipo jamaa yetu alipokumbuka ana simu.

Ufukweni kwaya ilikuwa imekatika katikati ya ubeti. Nilitegemea kelele, vicheko, chochote. Hakukuwa na kitu. Watu wote wale walisimama kimya wakitazama mkwe na mkwe. Mama akatapika maji, akakohoa, akapumua, akatapika tena. Bwana afisa akafungua jicho moja, akavua koti lake, akamfunika miguu. Kurudi nchi kavu nilikaa mbele kabisa nimempa kila mtu mgongo. Penina aliingia majini mpaka kiunoni kutupokea, akampita mumewe kama kigingi akaenda kwa mama yake, na alikuwa na haki.

Kibali hakikutoka siku ile. Mzee Ndahani alipoushika ule mkanda mwekundu akaupima kwa mkono wake, mara moja, mara mbili, mara tatu, hakunigombeza. Aliniambia tu ile sababu iliyopotea njiani, polepole, kama mtu anavyomwambia mgeni wa lugha. Afadhali angenichapa. Nilishona upya wiki ile ile, nne zote urefu mmoja, na bwana afisa aliporudi mara ya pili akakagua kila mtu kwa mikono yake mwenyewe, akaandika kibali. Ile video kwa wakati huo ilikuwa imeshatoka kwenye kundi la kwaya imeingia kwenye makundi ya mjini, na wateja kibandani kwangu walikuwa wanaingia wakiwa wamebana midomo. Mmoja alileta kiti cha bodaboda, akaniomba nikishone imara lakini nisikikumbatie.

Halafu nikaitwa na ukoo wa mke wangu.

Nilijua naitiwa nini. Mkwe ameshikwa, tena hadharani, tena bila kitenge, na jambo kama hilo halipiti hivi hivi, lina faini yake hata kama umeshika kwa kuokoa. Wajomba walikaa, mimi nikakaa kwenye kigoda karibu na mlango, macho sakafuni. Mjomba mkubwa akazungumza vizuri sana, sitamsahau. Akasema ukoo unashukuru, dada yao yuko hai kwa sababu ya mikono ya huyu kijana, lakini mila ni mila, atoe mbuzi mmoja wa kusafisha macho, tumle pamoja, yaishe. Nikapumua. Mbuzi mmoja, nilikuwa nimejiandaa kwa ng'ombe. Nikafungua mdomo nimwambie Penina awaambie nimekubali.

"Elia."

Ile sauti nikaijua, ila haikuwahi kunitaja jina. Mama alikuwa amesimama upande wa pili wa chumba. Wajomba wakageuka. Hakumtazama Penina, na hakutazama mti wowote.

"Utaleta mbuzi wawili," akasema. "Mmoja wa kunishika. Wa pili wa kuchelewa kunishika."

Chumba kizima kikacheka. Mjomba mkubwa alipiga goti kwa kiganja, akasema dada yetu amepona kweli, ameshaanza masihara. Penina naye akacheka, mara ya kwanza tangu Jumamosi ile. Mimi sikucheka, na nilipoinua uso Mama naye alikuwa hacheki. Alikuwa ananitazama kama alivyonitazama kutoka majini, isipokuwa sasa alikuwa na pumzi ya kungoja jibu.

"Ndiyo, Mama," nikasema. "Nitaleta wawili."

Na nilileta wawili, nikamshukuru moyoni kwa kutonianika mbele za watu, ingawa hilo sikulisema. Boti sipandi tena, hilo liko wazi, hata ikiwa imeegeshwa juu ya mchanga. Lakini nadhiri yangu si ya boti. Nimeapa kwamba mtu akiniletea kipimo nitauliza ni cha nini, na nikikosa wa kumtuma nitakwenda mwenyewe, nitapiga hodi, nitamuuliza mwenye nacho uso kwa uso, awe nani. Na nikimkuta mtu anazama nitamshika kwanza, faini nitaisikia baadaye nikiwa nimekaa.